UZI: Mbwa koko wa Mombasa na video za furaha, tulivyojifunza kuwaonyesha wakiwa wamepona

Kaskazi (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum wanajamvi, na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Naishi Bamburi. Kwa miaka mitatu sasa mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukiwalisha na kuwatibu mbwa koko, kuanzia nyuma ya soko la Kongowea mpaka ufuoni Pirates. Hatuna ofisi wala gari. Tuna tuktuk ya mwenzetu mmoja, kreti kubwa ya plastiki tuliyoifungia wavu juu, magunia, na simu. Nataka kuzungumzia hiyo simu, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kutuangusha na ndiyo iliyokuja kutuinua.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga picha za vidonda. Niliamini kwamba watu wakiona mateso watatoa. Mbwa wa kwanza niliyemposti tulimkuta nyuma ya meza za samaki, kajikunja juu ya gunia lililolowa maji ya barafu. Mgongoni hakuwa na unywele hata mmoja. Ukurutu ulikuwa umemla mpaka ngozi ikawa ngumu, ya kijivu, imepasuka kwenye viwiko, na ndani ya masikio kupe wamepangana kama kunde kwenye ganda. Nilimpiga video ya sekunde arobaini, nikaweka muziki wa huzuni, nikaandika "Tusaidieni jamani."

Wiki nzima zikaingia shilingi 300, na aliyezituma ni shangazi yangu. Maoni ndiyo yalikuwa mengi. "Muueni apumzike." "Watu walala njaa, nyinyi mwashughulika na mbwa." Mmoja aliandika kwa adabu tu kwamba amekuwa akila chakula cha mchana, na akaniomba nisimletee tena vitu kama vile. Huyo ndiye aliyenifikirisha zaidi, maana hakuwa mtu mbaya. Aligeuza uso kwa sababu nilimpa uchungu asioweza kuufanyia chochote.

Tuliendelea kumtibu kwa pesa zetu. Daktari wa mifugo akampa vidonge vya ukurutu na dawa ya kuogea, tukamwogesha kila siku ya nne. Wiki ya sita manyoya yakaanza kutoka, laini kama ya kifaranga, rangi ya kaimati iliyoiva. Watoto wa mtaa ndio waliompa jina hilo: Kaimati. Siku moja maji yamekupwa sana, ya bamvua, tukamchukua ufuoni. Akawaona kaa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akawa anamkimbiza kaa, kaa anaingia shimoni, naye anasimama juu ya shimo ameinamisha kichwa, masikio mbele, mkia unazunguka kama feni. Nyuma yake mtoto anapiga kelele, "Kaimati, huyo! Huyo!" Sekunde kumi na tisa. Sikuweka muziki wowote, upepo tu na kicheko cha yule mtoto.

Video ile ilitembea. Ilifika kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, ya madereva, ya wapangaji, watu ambao katika maisha yao hawajawahi kumsemesha mbwa. Pesa zilizoingia zilitosha kuchanja mbwa kumi na mmoja. Lakini lililonigusa mimi ni la Jumatatu iliyofuata pale Kongowea. Mama mmoja muuza samaki, ambaye zamani alikuwa akimmwagia Kaimati maji machafu amfukuze, alinisubiri na ndoo ndogo ya vichwa vya samaki. Akasema, "Hivi vya Kaimati. Na yule mwenzake mweusi asiyekuwa na jina naye mgawie."

Tangu hapo tumebadilisha kila kitu. Niulizeni, nitajibu kadiri nilivyojaliwa.

Mchuuzi wa Mwembe Tayari

Hongera, lakini niseme ukweli. Mimi nimechoka na hizi video za "nimeokoa mbwa". Nitajuaje kwamba aliyemwokoa siye aliyemtupa shimoni kwanza? Zimejaa mtandaoni, kijibwa kinazingirwa na nyoka, mara mtu anatokea tu na kamera yake tayari.

Kaskazi

Ndugu yangu, una haki kabisa, na ni jambo linaloniuma. Video za uokoaji wa kupanga zipo na ni ukatili mtupu, kwa sababu mnyama anatiwa hatarini ili mtu apate watazamaji. YouTube wenyewe wanazikataza kwenye kanuni zao. Alama zake utaziona ukitulia: kamera imetangulia kabla ya tukio, mnyama yule yule anaokolewa mara mbili mahali tofauti, na baada ya hapo hakuna habari yake tena. Hakuna daktari, hakuna wiki ya pili.

Kwa hiyo sisi tunaonyesha wiki ya pili, ya tatu, ya sita. Kupona kwa ukurutu hakuigizwi. Nywele haziwezi kuota kwa siku moja. Na kwenye pesa tumeweka utaratibu huu: mchango wa matibabu haupiti kwenye simu yangu. Anayetaka kusaidia tunampa namba ya till ya kliniki na jina la mbwa, analipa moja kwa moja, daktari anatupa risiti, tunaiposti ikiwa imefichwa namba za watu. Pesa ya chakula tunapokea kidogo kidogo na tunaiandika kwenye daftari ambalo mwenzetu wa kike analishika, si mimi. Kuna mwezi tulizidiwa na deni kliniki na tukaliandika vile vile lilivyo. Hakuna aliyetucheka. Deni likalipwa kwa siku nne.

Bi Tudor

Mwanangu Kaskazi, mimi ni mtu mzima, nasema kwa upole. Sisi Waislamu wa hapa ni Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Yakikupata huosha mara saba, moja yake kwa udongo. Ile video yenu ya kijana akilambwa uso niliizima simu. Si kwamba siwaonei huruma. Lakini ukitaka watu wa Mji wa Kale na Majengo wakusikilize, usiwawekee jambo ambalo nyumbani kwao haliwezekani.

Na utawasikia wakisema dini imekataza mbwa. Si hivyo. Tumefundishwa tangu chuoni habari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama kuna ujira kwa wanyama, na Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Na watu wa pangoni mbwa wao ametajwa ndani ya Kurani. Basi wewe onyesha maji.

Kaskazi

Shikamoo Bi mkubwa. Maneno yako nimeyasoma mara tatu na nimewapelekea wenzangu. Ile video tumeitoa.

Nikiri kwamba tulikuwa tunaiga video za ng'ambo, ambako mbwa hulala kitandani na kulambana na watu, na huko hiyo ndiyo furaha. Kwetu furaha ina sura nyingine: mbwa ameshiba, amelala kivulini chini ya mwarobaini, watoto wanapita kwenda madrasa na hakuna anayeokota jiwe. Nitaanza na maji. Sufuria kuukuu nje ya ukuta, mtu anamimina kwa kata akiwa amesimama mbali, mbwa anakuja anakunywa, anaondoka. Mtu yeyote wa dini yoyote anaweza kulifanya hilo bila kumgusa.

Dawa ya Mifugo

Naomba niingie kwa upande wa kazi yangu, nimefanya kazi na wanyama miaka mingi hapa Pwani.

Furaha ni nzuri ila isije ikafunika kichaa cha mbwa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa ugonjwa huu hupata kwa mbwa, na karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto chini ya miaka 15. Hapa Kenya makadirio yanayotumika ni vifo kama 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo kinga ipo: ukiparuzwa au kung'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha hospitali siku ile ile ukadungwe chanjo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usifunge na kitambaa ukalala.

Sasa lile la mitandao. Ukiposti mtoto amemkumbatia mbwa asiyejulikana, kesho watoto mia watafanya hivyo na mbwa ambaye hajachanjwa. Ukiposti mbwa yule yule anachomwa sindano na mkia unatikisika, umefundisha jambo jingine kabisa. Ili ugonjwa ukatike inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa, na Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Kuwaua kwa nyama ya sumu hakusaidii: ukiwaondoa mbwa waliochanjwa, nafasi na taka zao wanakuja kuzirithi mbwa wageni ambao hawajachanjwa.

Kaskazi

Daktari, shukran sana. Hilo la sindano tumelijaribu na limezaa matunda kuliko nilivyotarajia. Tuna jike mmoja anaitwa Kachori, mnene, mtulivu, hujilaza mwenyewe akimwona daktari. Video yake ya kuchanjwa ilileta wenye mbwa sita wa majumbani, watu ambao mbwa wao hufungwa nyuma ya nyumba na hawajawahi kuona sindano. Mmoja alituambia hakujua kwamba chanjo haimuumizi mbwa.

Pia tumeacha kuweka watoto kwenye video ovyo. Tunaomba ruhusa kwa mzazi kwanza, na tangu ije Sheria ya Kulinda Data ya 2019 jambo hilo si la adabu tu.

Msafiri wa Diani

Huku kusini nasi twahangaika. Swali langu ni moja: mwaanza na picha ya mgonjwa halafu aliyepona, au vipi? Nimeona wale Animal Aid Unlimited wa Udaipur, India, walioanza 2002, wao huanzia mbwa akiwa hoi kabisa na kumalizia akicheza, na wamefika mbali.

Kaskazi

Ni kweli, na kazi yao naiheshimu mno. Wao wana hospitali na wafanyakazi, mtazamaji anajua kwamba akivumilia mwanzo ataona mwisho mwema. Sisi hatujulikani, mtu hatusubiri. Kwa hiyo tunageuza: sekunde tatu za kwanza mbwa ni mzima, anakimbia, ana jina. Kisha picha moja tu ya alivyokuwa, isiyo na damu. Kisha tunarudi kwa mzima. Mtazamaji anaingia akijua amepona, hivyo hafungi macho.

Na mwaweza kumtazama pia Niall Harbison, Mwairishi anayeishi Koh Samui, Thailand. Alianza kwa kulisha mbwa wachache wa barabarani baada ya kunusurika na ulevi, na huandika habari zao kila siku kwa sauti ya rafiki anayekupa habari za jirani yako. Nilichojifunza kwake ni kwamba watu hurudi kwa ajili ya mbwa mmoja wanayemjua. Ukisema "mbwa koko wa Mombasa" hakuna anayeuliza. Ukisema "Kaimati leo kakataa uji wa dagaa" watu ishirini watauliza ana nini.

Hata wataalamu wameliona. Mwaka 2012 Jonah Berger na Katherine Milkman walichapisha utafiti wao juu ya karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, wakaona kwamba habari za kufurahisha zilitumwa kwa watu wengine zaidi kuliko za kusikitisha. Hasira nayo husambaa, nakubali. Ila hasira tulishaijaribu: tuliwahi kumposti kijana aliyempiga mbwa jiwe, watu wakamtukana mpaka akahama mtaa, na mbwa hakupata hata kijiko cha chakula. Sirudii tena. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360, mwenye ushahidi autumie huko.

Mambo mengine ya mkono, kwa haraka. Pigeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Pwani ya saa sita linamfanya mbwa mweusi awe kivuli tu. Chuchumaeni, simu iwe usawa wa macho yake. Semeni Kiswahili cha nyumbani, msisome kama taarifa ya habari. Wapeni majina ya hapa. Tulipomwita mmoja jina la Kizungu hakuna aliyemkumbuka, tulipombadilisha akawa Mahamri, wauza chai wote wa stendi wakawa wanamwita.

Na jambo hili naomba mlishike sana: msionyeshe mahali. Tulionyesha lango letu mara moja tu, bango la duka linaonekana nyuma. Asubuhi ya tatu tukakuta katoni imefungwa kwa kamba ya katani, ndani vijibwa saba, macho hayajafunguka vizuri, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Aliyewaleta aliona video akadhani tuna nafasi. Watano walipona.

Fundi Simu

Na hao wawili? Mliwaposti?

Kaskazi

Nashukuru umeuliza, kwa sababu hapo ndipo video za furaha zinapoweza kuwa uongo.

Mmoja alikufa siku ile ile kwa baridi. Wa pili tulimwita Mbaazi, akaishi wiki sita, akawa ndiye kipenzi cha wafuasi wetu wote, kisha akapata parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vijibwa. Siku mbili za kuharisha damu, dripu, usiku kucha tumekaa naye kwa zamu. Alifariki saa kumi alfajiri, kichwa kikiwa juu ya kanga ya mwenzetu. Nilikuwa na video za usiku ule. Sikuziposti na sitaziposti.

Tulinyamaza siku mbili. Kisha tukaweka klipu ya zamani, Mbaazi anapigana na kandambili kubwa kumliko, na chini nikaandika: Mbaazi amefariki kwa parvo, chanjo yake ipo, ndugu zake watano wamechanjwa leo. Basi. Watu walilia, na mimi nililia nikisoma waliyoandika. Lakini wiki ile watu wengi waliwapeleka vijibwa vyao kliniki, wengine wakatutumia picha za kadi za chanjo. Mmoja wao alikuwa ni yule aliyewahi kutuandikia "muueni apumzike". Sikumkumbusha.

Mchuuzi wa Mwembe Tayari

Nimesoma mpaka hapa na nafsi yangu imelainika. Swali la mwisho: chakula mwalisha, chanjo mwachanja, nao wazidi kuzaa. Hamwoni mwajaza maji kwenye pakacha?

Dawa ya Mifugo

Nimsaidie kujibu. Jike hubeba mimba kama siku 63 na anaweza kushika joto mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kulisha bila kuhasi ni kuongeza idadi kweli. Dawa yake ni kukamata, kuhasi, kuchanja, na kumrudisha pale pale alipotoka. Wengi hukata kijipande kidogo cha ncha ya sikio wakati mbwa bado yuko kwenye usingizi wa upasuaji, ili aonekane kwa mbali kwamba ameshafanyiwa, asikamatwe tena. Ukimwona mbwa koko mwenye sikio lililokatwa vizuri, huyo usimhurumie.

Kaskazi

Na hapo ndipo video zetu zote zinaelekea sasa. Kuhasi jike mmoja kunagharimu kuliko kumlisha miezi, na hakuna mtu aliyewahi kufurahishwa na picha ya upasuaji. Kwa hiyo tunaposti masikio. Mbwa mwenye sikio lililokatwa tunamwita "aliyehitimu". Watoto wa Kisauni wameanza kuwahesabu: leo tumeona wahitimu watatu, leo wanne. Hata wazee barazani wanajua maana yake. Mwenye alama hafukuzwi, kwa sababu wanajua amechanjwa na hatazaa.

Tunajiandaa kwa tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Tunataka siku hiyo kila mmoja hapa jamvini aweke video moja ya mbwa wa mtaa wake ambaye yuko hai na amechanjwa. Asiwe na kidonda wala muziki wa huzuni. Ataje jina la mbwa na jina la chanjo.

Bi Tudor

Mimi video sijui kupiga, mjukuu atanipigia. Sufuria nimeweka mbili, moja ya mbwa na moja ya paka, maana walikuwa wanagombana. Yule mbwa wa rangi ya mchanga huja baada ya alasiri. Sikio lake zima.

Kaskazi

Bi mkubwa, basi huyo ni wetu wa Jumamosi. Usimfukuze na usimpe chakula kuanzia Ijumaa usiku, maji tu, ili akubali kuja kwa daktari tumbo tupu. Tutaingia kwa uchochoro wa nyuma, hatutapiga hodi mapema.

Dereva wa Tuktuk

Nitakuwa Tudor saa kumi na mbili na nusu. Leteni gunia kavu, la juzi bado limelowa.